Makala Iliyofungwa

"Makala yangu ya mchanga wa ufukweni imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili," mwanajiolojia wetu wa pwani aliutangazia mkutano mzima. Kila asubuhi huja dukani kwangu kutoa nakala, kucha zina matope, anataka nimfungulie mtandao ahesabu upya, kidole kwenye kioo kama anayechambua mchele. Jana kamati ya kumpandisha cheo ilidai makala yenyewe kabla ya saa kumi, na nakala yake ilishaliwa na mchwa. Nikaipata kwenye tovuti ya jarida lililoichapisha, imefungwa.

"Wanataka ulipie, Prof."

"Nilipie nini? Si niliandika mimi?"

"Jina ni lako kweli."

Akafuta miwani, akasoma tena. "Mwanangu, hebu waambie ni mimi."

Nikatafuta pa kuwaambia, sikupaona. Kuisoma ni dola thelathini na tisa.