Homa ya Injini

Juzi, pale Mlowo, nilimwona muuzaji akiipasha moto injini ya dizeli kabla mnunuzi wake hajafika. Damu ilinichemka. Nilikumbuka mchana mmoja kando ya Ziwa Rukwa, mama alipokwenda kununua boti iliyotumika. Kulinuka dizeli na samaki. Niligusa injini, ikaniunguza.

“Mama, ina homa,” nikasema.

Muuzaji akacheka. “Ni jua tu, mwanangu.”

Jua gani, na injini ilikuwa chini ya turubai? Lakini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri, nami nikadhani imepona. Mama akalipa.

Asubuhi yake, ikiwa baridi, iligoma kabisa. Mama alipomrudia, muuzaji hata hakusimama.

“Mama, si iliwaka mbele yako?”

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama akilia kimyakimya.