Mdomo wa Mfiwa Using'ae

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu, upande wa Kasongo, giza lilinifikia mimi kabla ya watu wengine. Jua likianza tu kuinama nyuma ya michikichi, wenzangu waliendelea kukimbizana, nami nilisimama nikipapasa hewa. Walinipa jiwe wakisema ni kiazi, nikalitia mdomoni, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Katika giza lile nilisikia mtu akipumua karibu yangu, na nilipouliza ni nani, hakujibu.

Baba alikuwa amefariki mvua zilipoanza. Katika ukoo wake kulikuwa na mwiko: mdomo wa mfiwa using'ae. Marehemu huwatafuta watu wake kwa mng'ao wa midomo, na akimwona mwenye nao humchukua. Kwa hiyo tulikatazwa mawese, karanga, na kila chenye mafuta, mpaka baba mdogo aje kutupaka mafuta kwa mkono wake na kuondoa matanga. Naye alikuwa machimboni Kabambare akitafuta dhahabu, barabara zimeharibika, habari zake hatuna. Tukangoja. Sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa, tulikula kila siku, imechemshwa kwa maji na chumvi tu, ikipita kooni kama nyasi.

Ngozi yangu ikakauka, ikapasuka miguuni. Kisha yakaja hayo ya macho. Mchana niliona vizuri kabisa, na hilo ndilo lililowatisha watu: ugonjwa gani unaojua saa? Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mwiko. Jioni moja nilimpita bila kumwona, naye akamwambia mama kwa sauti ndogo:

“Kaka anamufunika macho, asione njia yenye anamupeleka.”

Nilisikia. Tangu siku ile niliogopa hata kulala.

Halafu nikatumbukia katika shimo la kulowekea mihogo. Mama aliniopoa kwa nywele, na kesho yake akanipeleka kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza nakula nini. Sombe, mama akajibu. Na mafuta? Mama akatazama chini. Muuguzi akaeleza kwamba majani yale yana dawa ya macho, ila bila mafuta mwili hauwezi kuipokea, na kwamba tukiendelea hivyo nitapofuka kabisa. Mama akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Siku hiyo, jua likiwa bado juu, alipasha mawese. Shangazi alipoisikia harufu alikuja mbio, akamwambia anamuua mtoto. Mama hakubishana naye. Alichovya vidole, akapaka midomo yake kwanza, akapaka mpaka kidevuni. Kisha akanilisha sombe yenye mafuta, akinifuta mdomo kwa kitenge kila tonge. Tulipomaliza akakaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye njia ya makaburini.

“Ukifwata mudomo wenye kungaa, wangu ni huu,” akasema. “Mutoto umuache.”

Giza langu likaja. Nikamsikia tena yule anayepumua, ila safari hii alikuwa upande wa mlango, karibu na mama. Nilishika kitenge chake mpaka usingizi uliponishinda.

Alifanya hivyo kila jioni. Polepole jioni zangu zikarefuka, mpaka nikaweza kuuona moto wa jikoni, halafu nyuso zilizouzunguka. Baba mdogo alirudi baadaye sana, bila dhahabu, akatupaka mafuta sisi tuliokwisha kunenepa.

Leo napika sombe yangu mwenyewe na sihitaji kuelezwa kazi ya mawese. Zamani nilidhani mama aliuacha mwiko kwa kuwa aliacha kuuamini. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, akanishangaa. Aliwaamini wote wawili, muuguzi na shangazi: kwamba mafuta yataniponya, na kwamba marehemu atakuja kuchukua mtu. Akaamua mtu huyo awe yeye. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila jioni mama alikaa mlangoni akingoja kufa, na kila asubuhi alichukua jembe akaenda shamba.