Gomesi ya Dada

Vijana wa leo wakijisifu kwa mavazi, mimi hucheka tu. Wangetuona miaka ya hamsini, msimu wa kahawa, tukitoka kijijini kwetu Nyabiyonza kwenda kanisani! Wanaume kofia za pama na suruali pana za kufagia vumbi. Wanawake gomesi za kung'aa, mabega yamechongoka, mkanda mpana umefungwa nyongani. Kwa gomesi ningeuza hata jirani.

Ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa ya dada yangu mkubwa, ya kijani. Fundi alimpima, lakini homa ikamchukua kabla gomesi haijaisha kushonwa. Tulimzika shambani kwenye migomba, amefungwa lubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyozikwa nayo wazee wetu. Gomesi ililetwa matanga hayajaisha. Bibi akataka ifukiwe kaburini.

"Mpeni nguo yake," alisema. "Asije akaifuata."

Mama alikataa katakata. Akaitundika ukutani, katika chumba nilichokuwa nikilala na dada.

Tangu hapo sikulala peke yangu. Mabega yale yalisimama yenyewe, bila mtu ndani. Niliiogopa gomesi ile, na bado niliitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni. Asubuhi nyingine niliukuta mkanda umefungwa, na mama akaapa kwamba hajaugusa.

Nilipokuwa msichana mkubwa, siku ya Pasaka, mama aliniambia niivae. Mimi nilikuwa mfupi kuliko dada, kila mtu alilijua hilo, nikajua nitaikanyaga. Lakini pindo lilikoma vifundoni sawasawa na mabega yakanikaa, utadhani fundi alinipima mimi. Nilifurahi mno, nikatoka uani nikijizungusha.

Bibi alikuwa akimenya ndizi. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Kisu kilimdondoka. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama yeye alinijia mbio, na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba. Akanishika mashavu, akaniita kwa jina la dada. Nikangoja ajisahihishe. Akaniita tena, polepole, kama anayembembeleza mtoto asiondoke. Kwa jina langu mwenyewe hakuwahi kuniita kwa upendo ule, na iliniuma.

"Abee, mama," nikaitika.

Jina langu hakulitaja tena mpaka anakufa.