Mawaridi Yangu Katikati ya Muhogo

Aibu niliyoipata mbele ya kijiji kizima naikubali, sina pa kuificha, ila mkicheka chekeni polepole, maana bado nina hasira na yule Mwenyekiti wetu wa wakati ule.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamishiwa kijiji cha ujamaa huku Handeni, nyumba zimepangwa mstari, vumbi tupu, mbele ya nyumba hakuna hata jani. Dada yangu aliyekuwa akikaa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, akanipa vijiti vya mawaridi mekundu, yale madogo yanayoota kama kichaka, nikavichomeka mlangoni kwangu. Nawaambieni, maua yale hayakunisumbua hata kidogo: mvua za kwanza zilipopita sikuyamwagilia tena, samadi sikuyatia, mbuzi waliyaonja wakayaacha (miba!), na jua letu mnalijua, lakini yakachanua tu. Nikirudi kutoka shamba la kijiji mgongo unaniuma, nikiyaona, moyo unatulia.

Halafu ikatangazwa kwamba mgeni anakuja kutoka wilayani. Mwenyekiti, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, akapita kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Maua haya uyang'oe. Mgeni anataka kuona muhogo kila nyumba. Maua ni mambo ya mabwanyenye."

Mabwanyenye! Mimi, ambaye shimizi langu lilikuwa na kiraka cha mfuko wa unga, maandishi bado yanasomeka! Nikaapa siyang'oi, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu: asubuhi ya ugeni nikakata matawi ya muhogo na majani yake, nikayachomeka katikati ya mawaridi mpaka maua yakafunikwa. Ukitazama kwa mbali, muhogo mzuri kweli.

Tatizo, mgeni hakutazama kwa mbali. Alipofika kwangu jua lilikuwa limeshapanda, majani ya muhogo yamenyauka, yamelala kama wagonjwa, na mawaridi yanachungulia. Akasimama, kijiji kizima nyuma yake, akashika tawi moja, akavuta. Likatoka, halina hata mzizi. Akavuta jingine, likatoka. Watu wakaanza kuguna. Mimi kwa kiherehere nikajitosa kichakani nizuie yaliyobaki (sijui nilidhani nitaokoa nini), miba ikaikamata kanga yangu, nikajivuta kwa nguvu, nikatoka mimi, kanga ikabaki. Nikasimama na shimizi, kiraka kiko nyuma, na watoto wa shule walioletwa kuimba wakakisoma kwa pamoja: "Unga safi!"

Mgeni, mtu wa adabu, akageuza uso. "Mama, mawaridi mazuri hivi unayaficha kwa nini?"

Kabla sijafungua mdomo Mwenyekiti akadakia, "Hata sisi tunamshangaa mama huyu, ndugu mgeni! Kila siku tunawahimiza wapambe nyumba zao."

Mnasikia hayo? Na mimi nimechuchumaa nang'ang'ania kanga yangu kwenye miba, vidole vinatoka damu, watu wanaangua kicheko, nitamjibu saa ngapi? Mpaka nije kusimama na kujifunga, msafara umeshafika nyumba ya nne na mimi ndiye mwongo wa kijiji.

Haikupita wiki akaja tena, shikamoo mdomoni, anaomba vijiti akapande mbele ya ofisi ya kijiji, eti mgeni ameagiza.

Nikamwambia, "Marahaba, baba. Itisha mkutano, watu walewale, uwaambie ni nani aliyeniamuru ning'oe. Ukimaliza nitakukatia kwa mkono wangu."

Akatazama chini, akaondoka. Mkutano hakuitisha, na vijiti hakupata, hata nilipotumiwa wazee waje kunibembeleza. Tangu siku ile nimeapa: mtu akinipa amri nisiyoikubali, namkatalia palepale, usoni, na jirani wasikie.