Meza ya Watu Wawili Kikwajuni

Kazi ya mume wangu ni kutandika meza za mapenzi ya watu wengine. Hoteli yake iko Kendwa, ufukweni. Kila jua likishuka hubeba meza mpaka mchangani, akaweka kitambaa cheupe, akakunja vitambaa vya kupangusia midomo mpaka vikawa bata, akamwaga maua, akawasha mishumaa. Halafu husimama kando, mikono nyuma, mpaka bwana harusi wa Kizungu amalize kumtazama bibi harusi wake na kukumbuka kwamba samaki anapoa.

Siku moja katikati ya Ramadhani alinipigia simu baada ya futari.

"Leo nimetandika meza nane," akasema. "Zote za wawili wawili."

"Na wewe umefuturu wapi?"

"Jikoni. Nimesimama."

"Umesimama kwa nini, viti hakuna?"

"Viti vipo. Sijui. Miguu ishazoea."

Neno hilo liliniingia kama mwiba wa samaki. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na Idi nne ndani yake, nimezihesabu mara mbili, na zote nne alizila Kendwa, kwa sababu sikukuu yetu haimzuii mgeni kuona njaa. Safari hii alipewa ruhusa Idi pili, siku ya pili ya sikukuu: atafika baada ya sala ya adhuhuri, na gari la hoteli litampitia baada ya alasiri. Nikaweka nia. Mume wangu atakula mlo mmoja wa Idi kwenye meza iliyotandikwa kwa ajili yake, ameketi, mimi niko naye, na mtu wa tatu hayupo.

Asiyeijua Kikwajuni ataona hilo jambo dogo. Sisi tunakaa kwenye nyumba za ghorofa, ngazi moja kwa familia nane, na Idi pili ndiyo siku ya kupita nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idi. Mlango haufungwi. Ukiufunga watu hudhani umefiwa, na hapo ndipo wanapokuja wengi zaidi.

Meza yenyewe sikuwa nayo. Sisi hula mkekani kama watu wengine, sinia katikati. Lakini nina cherehani ya miguu, ile ambayo kichwa chake hukunjwa kikazama ndani na juu ikabaki mbao tambarare. Watu wawili wanaenea, wakibana viwiko. Nikasema meza imepatikana, sasa vyombo. Vyangu vya nyumbani ni melamini, na melamini haijapata kumpendezesha mtu. Nikashika njia ya Saateni, kwenye mitumba.

Mtu anayekwenda kununua mtumba lazima aende na uso wa msiba. Ukionesha meno, ushalipa. Nilichutama mbele ya turubai la baba mmoja wa bara, mcheshi, ndevu zake nusu nyeupe, nikaanza kuulizia pasi mbovu ambayo sikuihitaji kwa lolote. Akanitajia bei, nikasikitika. Wakati nikisikitika jicho langu la pembeni lilikuwa lishaziona: sahani za kaure, nyeupe kama tui, ukingo wa buluu, na juu ya buluu uzi wa dhahabu ulioliwa na miaka lakini bado unajitahidi. Moyo ulinipiga makofi. Uso nikauacha msibani.

"Na hizo sahani?" nikauliza, kama ninayepiga miayo.

"Hizo Ulaya, dada. Zimeshuka na kontena juzi."

Nikapindua moja. Kwenye kitako, kando ya muhuri wa kiwanda, kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

"Ulaya ipi hiyo wanapopaka sahani rangi ya kucha?"

Akacheka mpaka akajifuta jicho. "Dada, usinimalize mbele za watu."

Kila mwanamke wa hapa anajua doa lile maana yake nini. Kukiwa na shughuli, vyombo vya nyumba moja havitoshi, basi huazimwa kwa majirani na jamaa, na kila mtu hutia alama yake chini ya sahani zake kabla hazijatoka mlangoni. Mmoja hutia nukta mbili za kijani, mwengine msalaba wa wino, mimi hutia mstari wa zambarau. Shughuli ikimalizika watu huketi uani, wakapindua sahani mia na kuzigawa kwa alama. Zote hurudi, isipokuwa zile ambazo hazirudi.

Kwa hiyo nilijua kwamba sahani zile zilikuwa na mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angeziweka chini. Mimi nikaona nimepata silaha.

"Hizi zina doa la mtu," nikamwambia. "Nani atakubali kuwalishia wageni doa la mtu? Punguza."

Akapunguza.

"Na ziko tano. Sita ni seti, tano ni mabaki."

Akapunguza tena, safari hii akiniuliza kama nina mume, maana anamhurumia. Nikazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole na kuzisikiliza. Sahani nzima hulia kama kengele, yenye ufa hukohoa. Zote tano zililia. Nikazihesabu tena, zisije zikawa nne. Turubai la pili nikapata gilasi mbili za miguu mirefu, moja imemzidi mwenziwe kwa ukucha, nikasema hii ndefu ndiyo ya mume. Nikapata na birika la kaure lisilo kifuniko, la kutilia maua. Bei sitaitaja. Mume wangu naye anajua kusoma.

Njiani nilijiambia kwamba mwenye doa lile ama keshakufa, ama keshahama, ama keshasahau. Hapa mjini hakuna mwanamke aliyesahau sahani yake, na hilo nilikuwa nalijua vizuri. Lakini nilikuwa na furaha, na mimi nikifurahi hesabu zangu huenda likizo.

Idi pili niliamka na alfajiri nikapika biriani ya kuku, na mkate wa ajemi kwa ajili ya rojo. Kisha nikaivisha cherehani kitambaa cheupe. Sahani mbili juu ya meza, tatu pembeni za matunda, achari na kachumbari. Uma, visu, gilasi, na viti viwili vya chumbani. Asumini ndani ya birika, na ule upande wa mdomo uliomeguka nikaugeuzia ukutani. Nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama, nikaenda mbele, nikatazama tena. Nilijishika mashavu. Kama si majirani ningepiga vigelegele.

"Hodi humu!"

Alikuwa bi mkubwa wa ghorofa ya chini, mjane, mtu wa maneno machache yenye pilipili. Alikuwa keshaingia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Idi mubaraka."

"Marahaba, mwanangu. Mungu atujaalie na mwakani." Macho yake yakafika mezani. "Khaa! Umeleta hoteli?"

"Mume wangu anakuja."

"Na hizo gilasi za ulevi?"

"Za juisi ya ukwaju, Bi Mkubwa."

"Ukwaju umepanda cheo," akasema, akasogea. Halafu akasimama. Akachukua sahani moja na kuipindua polepole, kama anayetazama unyayo wa mtoto aliyechomwa na mwiba.

"Hii yangu."

Akapindua ya pili, uma ukaanguka. Akapindua ya tatu pamoja na embe zake.

"Hii yangu. Na hii. Zilitoka sita harusini kwa binti yangu, haikurudi hata moja. Ya sita iko wapi?"

"Wallahi, Bi Mkubwa, mimi nimezikuta tano. Nimezihesabu mara mbili."

"Umezikuta wapi?"

"Saateni. Nimenunua."

"Saateni!" Akaketi kwenye kiti cha mume wangu. "Na mimi miaka tisa nnamnunia wifi yangu, nnasema kazichukua yeye! Miaka tisa sili kwake, hata maji!" Akaanza kucheka, bega kwanza, kisha mwili mzima, na mimi nikacheka kwa woga. "Maskini wifi yangu," akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Lakini na yeye hanipendi. Si hasara kubwa."

Halafu akasimama na kuanza kukusanya sahani zake.

"Binti yangu anakuja leo kutoka Uroa. Na mumewe, na wakwe zake wawili. Watakula kwenye sahani za harusi yake."

Nikatazama saa. Adhuhuri ilikuwa ishaadhiniwa. Nikamweleza yote: Kendwa, meza nane, jikoni, miguu iliyozoea kusimama. Alinisikiliza vizuri sana, mikono yake ikiendelea kukusanya.

"Niachie mpaka alasiri tu, Bi Mkubwa."

"Alasiri wageni wangu watakuwa washakula."

"Basi niachie tatu."

"Watu wanne wale kwenye mbili?"

"Bi Mkubwa, mimi hizi nimezilipia."

"Umezilipia kuukuu. Mimi nlizilipia mpya."

Hapo alinipata. "Basi mbili."

"Moja," akasema. "Wageni wanne, sahani tano. Moja yako, mimi ntakula kwenye bati."

"Lakini sisi tuko wawili!"

Akanitazama juu mpaka chini, kama mtu aliyetajiwa bei ya kijinga. "Miaka miwili ya ndoa, mwanangu, sahani mbili za nini?"

Katika maisha yangu nimeshindwa bei, na nimeona haya, lakini vyote viwili kwa pamoja ilikuwa mara ya kwanza. Nikajikaza, maana hakuna biashara isiyokuwa na nyongeza.

"Basi nipe na ngazi."

"Ngazi ina nini?"

"Wageni. Mlo huu nimeutaka wa watu wawili."

"Mimi nnakwenda kukaa pale chini kuwasubiri watu wangu," akasema. "Atakayetaka kupanda, ntajua la kumwambia." Akashuka na sahani zake nne kifuani. Habari ya pesa zangu sikuigusa. Kuna maneno hayasemwi siku ya Idi, nikayawekea Idi tatu.

Mume wangu alifika na kanzu iliyokunjamana kwa safari. Akasimama mlangoni.

"Nani anakuja?"

"Wewe."

Akacheka. Kisha akaitazama meza pande zote. Kisha mikono yake ikaanza kazi yenyewe, bila ya kumuuliza. Akahamisha uma. Akasogeza gilasi vidole viwili kulia. Akachukua kitambaa cha kupangusia mdomo, mara bata huyu hapa.

"Kaa," nikamwambia.

"Kisu kimetazama nje..."

"Kaa, bwana!"

Akakaa. Miguu yake, kwa kuwa haikuzoea kutokuwa na kazi, ikapapasa chini ya meza ikakuta kanyagio la cherehani. Gurudumu likazunguka, meza ikatetemeka, gilasi zikagongana ting ting ting, ukwaju ukaruka, na sote wawili tukaruka.

"Kendwa hakuna meza yenye muziki," akasema.

Kisha akatazama tena. "Sahani yangu hii. Yako iko wapi?"

"Hiyo hiyo."

"Na yangu?"

"Si ndiyo hiyo?"

Ilimchukua muda. Nilimwona inamfikia, kuanzia kwenye masikio. Alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakileta upande wangu, akaketi bega kwa bega nami, na mapambo yangu ya ana kwa ana niliyoyapanga tangu alfajiri yakaharibika yote, nami nikafurahi mno. Nikapakua biriani.

Alijaribu kusimama mara tatu: maji, chumvi, kijiko. Mara zote tatu nilimvuta kanzu akarudi kitini. Mara ya nne hakujaribu. Alinitafutia paja la kuku chini ya wali, akalisukuma upande wangu wa sahani, mimi nikalirudisha wake, akalirudisha wangu. Tulikuwa bado tunapatana bei ya paja tuliposikia sauti ya mwanamke chini.

"Wapo hawa juu? Tumekuja kutoa mkono wa Idi."

"Hawapo," akajibu bi mkubwa. "Wamekwenda Uroa."

Mume wangu akanitazama, mdomo umejaa.

"Mbona nasikia watu wanacheka?"

"Redio," akasema bi mkubwa.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Alijiziba mdomo kwa bata wake, mimi nikaweka uso begani kwake, mguu wake ukagusa kanyagio, gilasi zikalia, na kadiri tulivyojizuia ndivyo redio ilivyozidi kupanda sauti. Adhana ya alasiri ilipoanza alikuwa bado ameketi, miguu kainyoosha, anakombeleza rojo kwa kipande cha mkate, na bi mkubwa chini anamwambia mtu wa tatu kwamba siku hizi wameanza kuweka vipindi vizuri.