Swila wa Kona ya Mwafu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mnyapara wa bustani alinikabidhi fyekeo na neno moja tu: "Fyeka!" Hoteli ilikuwa ufuoni, Malindi. Kwa mnyapara, ua lilikuwa lile lililonunuliwa. Lililoota lenyewe lilikuwa gugu, hata likinukia vipi.

Kazi niliijua. Nilipogoa bogenvilia, yaani nilizipunguza matawi zichanue upya, na niliyahurumia mawaridi ya meneja, ambayo kaskazi ikivuma yalijikunyata kama wageni waliopotelewa na mizigo. Lakini mapenzi yangu yalikuwa kona ya nyuma, karibu na tangi la maji. Masika yakinyesha, vijimaua vya samawati vilitandaa chini, na mwafu, ile asmini ya mwituni, ukapanda ukutani ukatoa maua meupe. Vuli ikija, vilichipuka vya manjano. Nikipita pale asubuhi, nilicheka peke yangu.

Msimu mmoja wa masika mnyapara akatangaza kwamba kona ifyekwe, ipandwe nyasi. Roho iliniuma. Ulimi ukatangulia akili.

"Bwana Mnyapara, mle mna swila."

Swila ni nyoka atemaye mate machoni. Mnyapara akarudi nyuma.

"Mkubwa?"

"Mkubwa, tena ana hasira."

Kona ikasalimika. Uongo wangu, lakini, ukastawi bila mbolea. Wapishi wakaapa wamemwona. Dobi akasema amemsikia akikoroma. Wageni wakaanza kuja na kamera, meneja akaingiwa na hofu, akaagiza mkamata nyoka.

"Akishatolewa," akasema, "fyeka yote, mpaka ukutani."

Usiku ule sikulala.

Mkamata nyoka alikuwa mzee wa Kigiriama kutoka Marafa, mwenye fimbo na gunia. Nikatumwa nimwonyeshe shimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Nikaonyesha popote. Akainama, akapekua, akanyanyuka. Akachuma ua la mwafu, akalinusa taratibu.

"Mimi nyoka nawajua," akaninong'oneza. "Hapa hapana hata mjusi."

"Hapana, baba. Pana maua tu. Wakijua, yatafyekwa."

Akanitazama, kisha akayatazama maua. Akatia lile moja mfukoni, akatoka kumkabili meneja, ambaye alikuwa amesimama juu ya kiti, mnyapara nyuma yake.

"Wapo wawili," mzee akasema. "Jike na dume. Mke na mume hawatenganishwi, mkimtoa mmoja mwenzake atawaletea balaa. Zungusheni kamba, asiingie mtu ila huyu kijana. Wameshamzoea."

Sasa nimestaafu, nakaa Kibarani. Vijana huniuliza nilipata nini katika kazi ile. Nilipata kona ile, na furaha yake hainitoki. Kila masika niliingia ndani ya kamba, nikaketi katikati ya maua yangu, nikinywa chai. Naye mnyapara, akiwa mbali kabisa, aliwanyooshea wageni kidole:

"Mnamwona yule? Yule ndiye mwanamume."