Maji ya Wageni

Mimi ni mwoga wa maji tangu utotoni, na kwa mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Ziwa Nyasa hiyo ni aibu. Ndugu zangu walinicheka mpaka nilipoolewa Ngana, kwenye mpunga na kakao, mbali na mawimbi. Kwa hiyo masika yaliyopita, kipindupindu kilipoanza ufukweni nami nikapanda mtumbwi kwenda kumwona mama, niling'ang'ania ukingo wa mtumbwi safari nzima huku nimefumba macho.

Kijiji cha mama kimebanwa kati ya milima na ziwa. Barabara haifiki. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga vyungu, na kila kitu kinapita majini. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kupika misibani, jambo ambalo wazee hawakulipenda hata kidogo, na ikatoa vidonge vya kutibu maji, bure, kila nyumba. Mhudumu wa afya alifika mpaka mlangoni kwetu. Alitia kidonge kwenye ndoo yenye mfuniko, akaeleza vizuri, akaenda nyumba ya pili. Nilifurahi. Safari hii, nilijiambia, hata sisi wa huku tumekumbukwa.

Mama alinichotea maji ya ndoo ile kila nilipoona kiu, akanipa kwa mikono miwili kana kwamba mimi ni mchungaji. Yalinuka dawa, lakini nilikunywa.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa chini pembeni ya vyungu vyake ambavyo havijachomwa, amejishika tumbo. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Jua lilipopanda, macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

"Mama, si unakunywa maji ya dawa?"

"Yale ni ya wageni, mwanangu. Yataisha," alinijibu kwa sauti iliyokauka. "Sisi ziwa linatujua."

Nilitamani kumgombeza, nilitamani kulia. Kwetu kilicho bora hakiguswi na mwenye nyumba. Jogoo, shuka jipya, kiti chenye mto, vyote vinamngoja mgeni. Wakubwa waliopanga ile kazi ya vidonge walifikiria kila kitu isipokuwa hili: ukimpa mama yangu kitu kizuri, atakitunza. Na mgeni mwenyewe nilikuwa mimi, binti aliyeolewa.

Mjomba alitutia mtumbwini. Kambi ya matibabu tuliyoijua ilikuwa mjini Kyela, kwa hiyo ilitubidi tuvuke hadi Lyulilo, barabara inakoanzia, kisha tutafute gari. Safari hii sikufumba macho. Nilimtazama mama kifua, kikipanda, kikishuka, na kila kiliposimama kidogo nilimwita kwa nguvu hata mjomba akanikemea.

"Mjomba, atafika mjini?"

"Wewe omba," alisema, na kasia halikupumzika.

Pale Lyulilo, wanaposhusha vyungu na samaki siku za soko, tulikuta hema jeupe. Muuguzi alitukimbilia hata kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba mkuu wa wilaya alikuwa amezunguka vijiji vya ufukweni kwa mtumbwi yeye mwenyewe, akalowa mpaka kofia, akaona safari ya mgonjwa ilivyo. Ndipo akaagiza huduma isogezwe pale mitumbwi inapotua, wasio na barabara wasiwe wa mwisho kufikiwa.

Walimtundikia dripu, ya kwanza, ya pili, na nyingine. Nilikaa miguuni pake. Niliogopa kumtazama, niliogopa kutazama pembeni. Kisha muuguzi akainama, akacheka kwa sauti: "Amekojoa! Maji yamerudi mwilini!" Sijawahi kumshukuru Mungu kwa mkojo, lakini siku ile nilimshukuru. Mama alifumbua macho, akamwambia muuguzi, "Ndaga fijo," asante sana, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilijua amerudi.

Siku tuliyoruhusiwa kuondoka, mwanamke nisiyemjua alitua na mtumbwi peke yake. Hakuwa mgonjwa. Alilizunguka hema polepole, akagusa kamba zake, akachungulia vitanda ndani. Alikuwa amefunga khanga nyeusi kiunoni.

"Hili hema mliliweka lini, dada?" alimuuliza muuguzi.

"Jumatatu, mama."

Alitikisa kichwa.

"Sisi tulipita hapa na baba watoto Jumapili, tunampeleka mjini. Alikuwa bado anaongea."

Mimi hofu yote ilinirudia mara moja, nikamkumbatia mama kwa nguvu, pale pale mbele ya yule mwanamke. Kisha nikaona haya, nikamwachia.